Mtoto wa mstari wa wasichana: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nakuru

Usuli

Mtoto huyu alizaliwa mvulana, kitinda mimba wa watoto watatu, katika mtaa mmoja wa Nakuru, Kenya. Nitamwita Mtoto tu. Mama yake anauza mitumba sokoni. Baba ni dereva wa lori wa barabara ya Mombasa hadi Malaba, mtu wa kulala nyumbani siku mbili na kupotea siku kumi. Kwao baba ni Bungoma, na nyanya mzaa baba, ambaye wote humwita kukhu, angali hai huko. Jina la mtaa, la shule, la kanisa, na kila kitu ambacho jirani angekitambua, nimekiondoa au nimekibadilisha. Mama amesoma maandishi haya kabla yako, akakata mistari miwili.

Mimi ni mshauri nasaha, na kazi yangu kubwa ni watoto wadogo. Naandika kwa ajili ya walimu, wauguzi, wachungaji na washauri wenzangu ambao siku moja wataletewa mtoto kama huyu na kuulizwa, "Huyu ana nini?" Naandika pia kwa sababu nilikosea mara mbili katika kisa hiki, na makosa yote mawili yalimwangukia mtoto.

Kilichomleta kwangu hakikuwa jinsia. Kilikuwa mkojo.

Mama alisema tangu Mtoto akiwa na miaka mitatu alipenda kujifunga leso, kuruka bladda (mchezo wa kuruka mpira uliovutwa kama kamba) na dada zake, na kulia akivalishwa kaptura. Alipofika miaka minne alianza kusema, "Mimi ni msichana." Nyumbani walicheka, wakadhani anaiga dada zake. Hakuna aliyeona kuna la kupeleka popote, na sidhani walikosea wakati huo.

Ila yaliyofuata yalitokea Machi 2023, na mwezi huo nchi yetu haikuwa imetulia. Tarehe 24 Februari Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kukataa kusajili shirika la kutetea watu wa mapenzi ya jinsia moja ni ubaguzi. Redio, mimbari na vijiwe vya bodaboda havikuwa na habari nyingine. Kisha Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, akatangaza kamati ya viongozi wa dini, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, ya kukabili mambo hayo shuleni. Mtoto wa miaka sita anayetaka kuruka bladda hana uhusiano wowote na kesi hiyo. Lakini mwalimu aliyemwona gwarideni alikuwa ameamka na redio hiyo hiyo.

Yaliyotokea shuleni na nyumbani

Shule hiyo hupanga watoto kila asubuhi mistari miwili kwa kila darasa, wavulana kulia, wasichana kushoto. Tangu aingie Gredi ya Kwanza mwezi Januari, Mtoto alikuwa akisimama kushoto. Mwalimu wake wa darasa alimshika bega akamsogeza kila siku bila neno. Siku moja mwalimu wa zamu, ambaye hakumjua, alimshika sikio, akamvuta mbele ya shule nzima, akamuuliza kwa sauti, "Wewe ni nani?" Shule ikacheka. Mtoto hakulia.

Kuanzia siku hiyo hakuingia chooni shuleni. Choo cha wavulana walikuwa wakimsubiri mlangoni wamvue kaptura waone. Choo cha wasichana angefukuzwa. Akawa anashika mkojo tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Haikupita muda akaanza kulowesha godoro usiku, jambo aliloliacha miaka mitatu nyuma, kisha ikaja homa na tumbo. Kliniki ilipima mkojo, ikakuta maambukizi, ikampa dawa. Daktari wa kliniki hiyo hakuishia hapo. Alimuuliza mama kwa nini mtoto mwenye afya hakojoi mchana kutwa. Mama akanyamaza, kisha akasema yote. Ndipo nilipopigiwa simu.

Baba alikuwa ameshaambiwa na jirani kabla mkewe hajapata nafasi. Alimpiga kwa mkanda. "Samaki mkunje angali mbichi," aliniambia baadaye, na hakuwa akijitetea. Aliamini anamwokoa mwanawe na kitu kikali zaidi kinachomngoja huko nje.

Vikao viwili vya kwanza

Chumba changu kina kikapu cha vitu vya kuchezea: magari ya waya, wanasesere wa vitambaa, sufuria ndogo, kipande cha leso kuukuu. Mtoto aliketi mbali na kikapu robo saa nzima. Kisha akachukua leso, akaikunja mara mbili, akaiweka kichwani ikaanguka hadi mabegani, akaanza kupika. Kila alipoinama aliirudisha nyuma kwa mkono kama mtu aliyezoea nywele ndefu. Sikumuuliza chochote kuhusu jinsia. Nilimuuliza anapika nini. "Ugali na mrenda," akasema.

Kikao cha pili alikuja akisukuma jino la mbele kwa ulimi. Lilikuwa limebaki kwa uzi.

"Anti, hili likitoka nitalitupa juu ya mabati."

"Ili upate jipya?"

"Litaota la msichana."

"Na hayo mengine?"

"Yote yataota ya msichana. Halafu nitakuwa msichana mkubwa."

Niliandika maneno hayo kama yalivyotoka, na nikajikataza kuyatafsiri siku hiyo. Mtoto wa miaka sita ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba kuwa mvulana au msichana hakubadiliki kwa kubadili nguo au nywele. Wanasaikolojia wamelijua hilo tangu miaka ya 1960: wengi hulishika vizuri wakiwa na miaka sita au saba. Kwa hiyo sentensi ile ingeweza kuwa haja nzito iliyotafuta njia ya kutokea. Ingeweza pia kuwa hesabu ya kitoto juu ya mwili ambao kweli unapoteza meno na kuota mengine. Zote mbili zinawezekana, na zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mtu anayesikia moja tu kati ya hizo amesikia alichokuja nacho mwenyewe.

Uamuzi wa kwanza: kipigo kikome

Kabla ya neno lolote kuhusu jinsia nilitaka kipigo kikome. Katiba, Ibara ya 29, na Sheria ya Watoto ya 2022 ziko wazi, lakini sikumfungulia baba sheria. Baba aliyekuja saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu kwa usukani wa usiku, hakuja kuhukumiwa. Nilimuuliza anaogopa nini. Akakaa. Akasema, "Daktari, nikiwa Malaba nani atamkinga?"

Swali hilo lilibadilisha kila kitu kati yetu. Nilimwambia ukweli: kwa sasa mtoto anapigwa sehemu mbili, shuleni na nyumbani, na mwili wake umeanza kukataa. Nikamwonyesha karatasi ya maabara. Alielewa karatasi ya maabara kuliko angenielewa mimi. Mkanda ulikoma wiki hiyo, na haukurudi isipokuwa mara moja, nitakayoieleza.

Swali la huntha

Kukhu alikuwa na maelezo yake: mtoto huyu ni huntha, kaumbwa na sehemu mbili, na wakunga walificha. Swali hilo lilistahili jibu la heshima. Daktari wa kliniki alimpima na kukuta mwili wa mvulana wa kawaida. Tukawaeleza familia kwamba haya ni mambo mawili. Watoto wenye jinsia mbili wapo. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza Kenya, watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja na kuwalinda. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya Mtoto A, ambaye hospitali iliweka alama ya kuuliza mahali pa jinsia kwenye karatasi zake. Hilo ni jambo la maumbile. Alilokuwa akilisema huyu wetu ni jambo la ndani, la jinsi anavyojiona, na hakuna kipimo cha damu kinacholionyesha.

Kukhu alisikitika kidogo. Jambo la mwilini lina mahali pa kulilaumu. Hili halikuwa na mahali.

Kwa nini hatukumpa jina la ugonjwa

Wataalamu wanalo jina, disforia ya kijinsia, yaani dhiki inayotokana na mtu kuhisi kwamba jinsia aliyozaliwa nayo si yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unataka dalili sita kati ya nane kwa mtoto, kwa angalau miezi sita, pamoja na dhiki halisi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 una tahadhari zaidi. Unazungumzia takriban miaka miwili, umeliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa ya akili, na unasema wazi kwamba kupenda michezo au nguo za jinsia nyingine peke yake si sababu ya kumpa mtoto jina hilo.

Mtoto alikuwa na dalili nyingi kati ya zile. Lakini dhiki niliyoiona ilikuwa ya nani? Mkojo, homa, kuamka usiku, vyote vilianza baada ya sikio kuvutwa. Kabla ya hapo mama alieleza mtoto mchangamfu aliyesema mambo ya ajabu. Niliona ni makosa kumwandikia dhiki ya jinsia mtoto ambaye bado anavuja jeraha la aibu. Niliamua tuondoe kwanza kinachoumiza kutoka nje, ndipo tuone kinachobaki.

Uamuzi wa nyumbani na wa shuleni

Nyumbani tulikubaliana hivi. Leso na bladda ni mchezo, aachwe acheze. Jina lake libaki. Asiambiwe "wewe ni msichana", asiambiwe "wewe si msichana". Akilisema, ajibiwe: "Nimekusikia. Wewe ni mtoto wetu." Dada zake walilishika jibu hilo haraka kuliko wazazi.

Hapa lugha yetu ilitusaidia kuliko tulivyojua. Wenzetu wa Kiingereza hugombana nusu ya ugomvi wao juu ya neno la kumtaja mtoto, kwa sababu kila sentensi inawalazimisha kuchagua. Sisi tunasema "amekuja", "amelala", "yeye ni wetu", basi. Nimeandika kisa hiki chote bila kulazimika kuchagua, na familia iliishi hivyo hivyo, pasipo yeyote kushindwa.

Shuleni hatukuomba jambo la pekee kwa mtoto mmoja. Nilimwomba mwalimu mkuu mambo mawili. Watoto wapangwe gwarideni kwa kimo badala ya jinsia, jambo ambalo shule nyingi hufanya bila sababu yoyote, na Mtoto aruhusiwe choo cha walimu hadi maambukizi yapone, kwa barua ya kliniki. Mwalimu mkuu alivuta pumzi ndefu. Nadhani alitegemea niombe sketi. Jumatatu iliyofuata shule nzima ilipangwa kwa kimo. Mtoto, mfupi kuliko wote, akawa wa kwanza mstarini, na mama anasema alirudi nyumbani akiwa amenyoosha mgongo. Katika wiki tatu godoro likakauka.

Mistari ile miwili ilikuwa ikimuuliza mtoto huyo kila asubuhi, mbele ya watoto mia nne, swali ambalo watu wazima wa dunia nzima hawajakubaliana jibu lake.

Kosa langu la kwanza: barua

Barua ya kliniki ilikuwa ya mistari mitatu. Ya kwangu ilikuwa ya kurasa mbili. Nilitaka walimu waelewe, nikaeleza leso, nikaeleza maneno ya Mtoto, nikaeleza hata mkanda wa baba. Barua ikaachwa mezani kwenye ofisi ya walimu. Kabla ya mwisho wa muhula, mtu wa kanisa la familia alikuwa akiyarudia maneno yangu karibu neno kwa neno. Wakaja nyumbani watu sita kumwombea mtoto, wakamwekea mikono kichwani, wakamwambia roho imtoke. Usiku huo alilala chini ya kitanda cha dada zake.

Shule haikuhitaji kujua zaidi ya mambo mawili iliyoombwa kufanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ingenitosha kunikumbusha, lakini hata bila sheria, siri ya mtoto si yangu kuigawa kwa nia njema. Sasa naandika mistari mitatu, naipeleka kwa mkono wangu, na nakaa hadi mhusika aisome na kuifungia.

Kosa langu la pili: nilitabiri

Hili ndilo zito zaidi.

Mama, katika kikao cha tatu, aliniuliza kama itapita. Alikuwa amechoka. Nikamwambia, "Kwa wengi hupita." Akasikia, "Itapita." Akamwambia mumewe, "Daktari amesema itapita kabla ya Krismasi." Hakuna aliyetaja Krismasi kwangu, lakini matumaini hujitafutia tarehe. Desemba 2023 ilipofika, Mtoto aliomba rinda la sikukuu kama la dada zake. Baba, aliyekuwa amengoja kwa uaminifu miezi minane, aliona amedanganywa na wote. Hiyo ndiyo mara moja mkanda uliporudi.

Nilitoa wapi maneno yale? Kuna utafiti wa Toronto, Kanada, uliofuatilia wavulana 139 walioletwa kliniki wakiwa wadogo. Ulichapishwa 2021, na ulikuta kwamba walipokua takriban 12 kati ya kila 100 ndio waliobaki na hisia hiyo. Huo ndio nilioubeba kichwani. Lakini zaidi ya theluthi moja ya wavulana hao hawakutimiza vigezo kamili vya disforia walipoletwa, na waliletwa zama nyingine, chini ya mtazamo mwingine. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti mwingine wa Amerika Kaskazini, watoto 317 ambao familia zao zilikuwa zimewabadilishia kabisa maisha ya nje: jina, nguo, namna ya kuitwa. Baada ya wastani wa miaka mitano, 94 kati ya kila 100 walikuwa bado wanajitambua hivyo.

Watu hupigana kwa tarakimu hizi mbili kana kwamba moja inaifuta nyingine. Mimi naziona kama picha za watoto tofauti. Wa Toronto walikuwa wengi walioletwa na wazazi wenye wasiwasi, wakiwemo waliopenda tu michezo ya wasichana. Wale 317 walikuwa tayari wamesisitiza kwa nguvu kiasi cha familia nzima kugeuza maisha yao, na pengine kule kugeuza nako kuliwashikilia pale walipo. Utafiti huo hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Mtoto wa Nakuru hayumo katika picha yoyote kati ya hizo. Nilichukua wastani wa watoto wa Kanada, nikamkabidhi mama wa Nakuru kama ahadi juu ya mtoto mmoja.

Nilipaswa kumwambia: "Mama, kuna watoto ambao huacha na kuna ambao huendelea, na hakuna anayeweza kukuonyesha wa kwako ni yupi. Tunachojua ni kinachomuumiza leo." Maneno hayo hayafariji. Lakini hayaozi Desemba.

Simu kutoka nje

Aprili 2024 ndipo ugomvi wa dunia ulipoingia kwenye sebule ile. Shangazi wa Mtoto ni muuguzi Uingereza. Alituma habari za ripoti ya Dkt. Hilary Cass, iliyoagizwa na huduma ya afya ya England, akaongeza maneno yake: "Mmeona? Wazungu wenyewe wamekiri ni uongo." Mama mdogo aliyeko Marekani akajibu kwa sauti ya dakika saba: wakimnyima mtoto nguo za kike na jina jipya, atajiua. Baba alisikiliza sauti hiyo akiwa ameegesha lori kando ya barabara, kisha akanipigia.

Nilikaa nao jioni mbili kulisafisha jambo hilo. Ripoti ya Cass haikusema watoto hawa ni waongo wala kwamba dhiki yao haipo. Ilisema ushahidi wa tiba za dawa kwa vijana ni dhaifu. Kwa watoto ambao hawajabalehe, ilisema kubadili jina na nguo si jambo dogo lisilo na athari, kwamba familia zionane mapema na mtaalamu, na kwamba hatua ya nusu ni bora kuliko ya mzima ili mtoto abaki na nafasi ya kugeuka. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, tangu 2018, kinasema tofauti: mtoto akubaliwe kama anavyojieleza. Mwaka 2023 kilishikilia msimamo huo, huku kikiagiza ushahidi wote upitiwe upya. Hao ni watu makini wa pande mbili, na sikutaka familia iamini kwamba upande mmoja ni wa wajinga.

Jambo moja pande hizo zinakubaliana, na lilimshangaza baba kuliko yote: hakuna anayempa dawa mtoto ambaye hajaanza kubalehe. Dawa za kusimamisha balehe, ambazo Uingereza imezizuia kwa wagonjwa wapya wa dhiki hii isipokuwa katika utafiti, hazihusiki kabla ya balehe yenyewe kuanza. Mtoto alikuwa na miaka saba. Karibu kila kilichomtisha baba kwenye simu kilikuwa cha watu wa umri mwingine.

Kuhusu kujiua, nilimjibu mama mdogo mwenyewe. Kumwambia mzazi "mfanyie hivi la sivyo atakufa" ni kumwekea kisu shingoni, na mtoto akiyasikia anafundishwa kwamba kifo ni jibu. Julai mwaka huo Profesa Louis Appleby, mshauri wa serikali ya Uingereza kuhusu kuzuia kujiua, alisema takwimu haziungi mkono madai kwamba vifo vilipanda sana baada ya dawa hizo kuzuiwa, akaonya dhidi ya namna watu walivyokuwa wakilizungumzia jambo hilo. Mama mdogo aliumia, akanyamaza mwezi mzima, kisha akaanza kutuma vitabu vya kupaka rangi.

Agosti, Bungoma

Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwezi wa jando. Wavulana huzunguka kwa jamaa wakipiga chinyimba, yaani njuga za jando, hupakwa matope mtoni alfajiri, husimama wima bila kupepesa. Agosti 2024 amu za Mtoto waliamua apelekwe, akiwa na miaka saba. Amu mmoja aliniambia kwenye simu ya baba: "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumkate, awe mwanamume, yaishe."

Mimi si mtu wa Bungoma, na sikuwa na sauti ya kuzuia mila ya watu. Nilichoomba ni kuzungumza na babu. Baba akaweka simu mezani, sauti juu. Nilimuuliza mzee swali moja: kwenu, nani husema mvulana yuko tayari?

Kimya kirefu. Kuku walisikika.

"Mvulana mwenyewe," akasema. "Huja kwa baba yake akadai. Hakuna anayebebwa mtoni."

Hapo mzee akawageukia wanawe kwa Kibukusu, na sikuelewa yote, ila nilielewa sauti. Baba alinieleza baadaye: mzee alisema kumpeleka asiyeomba ni kuitia mila aibu, kwa sababu atalia, na kilio hicho kitakuwa chao. Safari ikafutwa.

Mara nyingi katika visa kama hivi mtaalamu huingia akidhani mila ni ukuta. Hapa mila ilikuwa na mlango wa ridhaa ya mtoto, wa zamani kuliko sheria yoyote niliyosomea. Nilichofanya ni kumwomba mwenye ufunguo.

Matokeo

Hadi naandika haya, Mtoto ana miaka minane. Hajapata maambukizi tena. Anasoma vizuri kuliko dada zake wote wawili. Mwalimu wa zamu wa siku ile alihama kabla hajawahi kuomba radhi, na hilo bado linaniuma. Wale watu sita wa kanisa hawajarudi, lakini familia nayo haijarudi kanisani humo.

Bado husema yeye ni msichana? Wakati mwingine. Kuna miezi hulitaja kila wiki, kuna miezi halitaji kabisa, na nimeacha kuhesabu kwa sababu niligundua kuhesabu kwangu kulikuwa njia ya kurudi kwenye utabiri. Leso ingali kwenye kochi. Balehe ya wavulana huanza kati ya miaka tisa na kumi na minne, na tumekubaliana kuonana kila muhula hadi hapo. Wakati huo ndipo dhiki ya mwili, kama ipo, itakapojitokeza kwa namna ambayo hatutaweza kuichanganya na aibu ya gwarideni.

Kilichonishangaza zaidi ni baba. Likizo ya Aprili alimpandisha Mtoto kwenye lori kutoka Nakuru hadi Eldoret, wawili tu. Nilimuuliza alitaka kumfundisha nini. "Hapana, nilitaka kumwona," akasema. Mlimani baridi ilipoingia, Mtoto alitoa leso kwenye mfuko akajifunika kichwa hadi mabegani. Baba aliiona kwa jicho la pembeni. Akapandisha kioo cha dirisha, akaendelea kuendesha.

Kikao cha mwisho alikuja peke yake hadi mlangoni, mama akibaki nje. Meno ya mbele yote yalikuwa yameota, makubwa kuliko uso wake. Nilimuuliza kama anakumbuka yale aliyotupa juu ya mabati.

"Nakumbuka."

"Na haya mapya?"

Akayagusa kwa kidole, moja moja, kama anayehesabu. "Haya ni meno tu, anti," akasema, kisha akavuta kikapu.